Kisanduku Chenye Mwandiko wa Severin

"Hii au hii?" Theodora aliuliza, pakiti moja kila mkono.

Rogers hakuinua kichwa. "Shemeji, bunduki si sufuria. Ukizidisha chumvi huku, habaki mtu wa kulalamika."

Ilikuwa Alhamisi, nao walikuwa garajini kwa Rogers, mjini Garland, mlango umeinuliwa nusu kwa ajili ya joto. Pakiti zote mbili zilikuwa za fataki, vile vidude vya shaba vidogo kama dengu vinavyopachikwa kwenye kitako cha ganda la risasi ili viiwashe baruti. Moja fataki za kawaida, moja fataki kali. Theodora aliishia darasa la saba, lakini maandishi aliyasoma, polepole, mpaka mwisho.

"Severin alitumia ipi?"

"Kali. Tena juu ya baruti iliyojaa pomoni. Nilimwonya, akanicheka." Sasa Rogers alimtazama. "Nilisema msibani mbele ya kanisa zima na nitarudia hata leo. Kaka yangu alijiua kwa uzembe."

Mwaka mzima neno hilo lilikuwa limekaa nyumbani kwa Theodora kama mgeni asiyeaga. Polisi nao waliandika vivyo hivyo: bunduki ilimpasukia usoni kwa kosa la aliyejaza risasi. Kisanduku kilikuwa na mwandiko wa Severin, na kila risasi ilikuwa na duara jekundu la rangi ya kucha kuizunguka fataki, alama yake ya siku zote, ya kuzuia unyevu. Nani abishe? Binti yao, Ndeshi, alikuwa ameacha kwenda kanisani na vijana wenzake, kwa kuwa walimwita mtoto wa mzembe.

Lakini Theodora aliishi na mtu huyo miaka kumi na tisa. Severin alikuwa akipima hata mafuta ya kukaangia kwa kijiko.

"Jumamosi unatimia mwaka," alisema. "Nataka nikapige pale pale alipoangukia. Nijazie risasi ishirini. Fataki chagua wewe."

"Wewe? Na bunduki?"

"Severin alinifundisha. Yako na yake zilikuwa pacha. Utaniazima."

Rogers alicheka kwa pua, akaichukua pakiti ya kawaida. "Nakujazia ili usikanyage tena hapa. Na zisichanganyike na nyingine. Fataki ikishakaa kwenye ganda, kali na ya kawaida huzitofautishi kwa macho."

"Ndiyo maana mtu hapigi risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine," Theodora alisema. "Severin hakuacha kulisema hilo."

Mkono wa Rogers ulisita kidogo kwenye mashine, kisha ukaendelea kushindilia.

Nyumbani alimkuta Ndeshi sebuleni anapaka kucha rangi nyekundu. Siku nyingine angemsomea mstari wa Biblia. Safari hii alikaa kando yake, akatazama mpaka kidole cha mwisho.

Jumamosi asubuhi waliendesha hadi shamba ambalo wanaume wa kanisa hukodi kuwindia nguruwe mwitu. Mzee Kigen, mzee wa kanisa, alikuja kuongoza sala. Rogers alikuja na bunduki yake na uso wa mtu aliyeburutwa.

Baada ya amina, Theodora aliingiza mkono mkobani. Alichotoa ni kisanduku. Mwandiko wa Severin, tarehe ya Severin.

"Polisi walinirudishia." Alikisukuma juu ya meza ya kulengea kwa kidole kimoja mpaka kikagusa mkono wa Rogers, akakifunua. Ndani, risasi ishirini, kila moja na duara lake jekundu. "Anza wewe, shemeji. Moja tu, kwa heshima ya kaka yako."

Rogers aliurudisha mkono kama aliyegusa pasi. "Tumia nilizokujazia."

"Nataka za kisanduku hiki."

"Una wazimu? Si nimekwambia alizijaza vibaya?"

"Nusu ya kwanza ya kisanduku aliipiga mwenyewe, wala hakuchubuka. Hizi za mwisho ziliingiwa na nini?"

Theodora aliichukua bunduki, akapachika risasi moja, akaegemeza shavu kwenye kitako.

"Weka chini," Rogers alisema.

"Kwa nini?"

"Mzee, mwambie aweke chini."

"Mimi nangoja jibu yako," Mzee Kigen alisema.

Kidole cha Theodora kiligusa kifyatulio.

"Zangu zimo humo!" Rogers alipaza sauti. "Nilichukua za kwake nikaenda nazo mawindoni bila kumwambia. Nikarudishia zangu, za harakaharaka, na nyumbani nilikuwa na fataki kali tu. Nikazipaka rangi asijue. Sikutaka afe. Weka chini, Theodora, itakupasua uso."

Mzee Kigen alivua kofia. "Rogers. Ulitusimamia pale kwa mazishi ukatuambia nini?"

Rogers alikuwa ameketi chini, majanini.

Theodora hakushusha bunduki. Alifumba jicho moja, akanong'ona, "Baba, mikononi mwako," akafyatua.

Mzee Kigen alikuwa ameziba uso kwa kofia. Alipoishusha, kopo lililokuwa juu ya nguzo ya uzio halikuwepo, na Theodora alikuwa amesimama vilevile, uso mzima.

Alilitoa ganda likiwa bado la moto, akaliweka majanini mbele ya Rogers.

"Ni risasi zako za Alhamisi, shemeji," alisema. "Rangi tu ndiyo ya Ndeshi."