Sauti Dukani

Mwajabu aliingia na baba yake, Mzee Kitwana, kwenye duka la kompyuta, akamketisha kwenye stuli, kisha akatoa laptopu na sidii ya arusi yake. Laptopu ilikuwa mpya, haina mahali pa kuingizia sidii.

"Nataka kile kifaa cha kuchomeka, cha kusomea sidii," alimwambia muuzaji. "Chochote, kaka, mradi kisome hii."

Muuzaji alimletea kwanza kimoja chembamba, cha kupendeza. Kilizungusha sidii kidogo, kikazima.

"Hiki umeme wa laptopu haukitoshi," alisema, akachomeka kingine kizito, chenye waya wake wa ukutani. Hicho kikanguruma, na mara ikatoka sauti ya Mzee Kitwana akiimba, nene, sauti iliyowahi kuwainua watu vitini. Wateja wakageuka.

Mwajabu akapiga magoti mbele ya baba yake, ambaye tangu aanze maradhi ya kusahau hakuwahi tena kumwita kwa jina.

"Baba, unamjua huyo anayeimba?"

Mzee alitazama mlangoni, kisha nyuma ya kaunta, akimtafuta mwimbaji.

"Ni wewe, baba. Siku uliyonioza."

Mzee akaweka kidole mdomoni. "Taratibu, bibie. Mwache mwenzetu aimbe."

"Dada, nikufungie hiki?" aliuliza muuzaji.

Mwajabu alimwashiria asubiri. Baba yake alikuwa amefumba macho, na kiganja chake kilipiga mdundo juu ya goti, polepole, bila kukosea.