Sahani za Kakuma

Siku kumi na moja mfululizo sahani za Kakuma ziliota vijidudu vya nimonia. Za Lodwar, hata kimoja.

Wainaina nusura acheze ngoma peke yake katika chumba chake cha kupanga pale Lodwar. Maabara ya ulinzi ng'ambo, iliyomlipia shahada ya pili, ilitaka jibu moja tu: je, upepo mkavu hubeba maradhi yakiwa hai? Asipolipata kabla ya mwaka 1974 kwisha, masomo basi, arudi kwao kufundisha shule, kuchora vyura ubaoni.

Sahani zenyewe zilikuwa za kioo, ndogo, zenye damu ya mbuzi iliyogandishwa, chakula cha vijidudu. Nawoi, mama mmoja wa Kakuma, alizifunua kila alfajiri mbele ya boma lake, akazifunika jua likichomoza, akampa dereva wa lori la unga azilete Lodwar, ambako Wainaina alifunua zake mwenyewe.

"Usiguse ndani, mama. Hata kidole."

"Ai, daktari! Kidole hapana kabisa."

Daktari! Hata wa mbuzi hakuwa, lakini jina lilimkaa vizuri.

Siku ya nne alipopeleka sahani mpya, Nawoi alikuwa ameshika ubavu. "Daktari, hii kifua iko nachoma mimi. Nipe dawa."

"Vumbi tu hilo, mama. Kunywa maji mengi."

Maji mengi, Kakuma, kiangazi! Lakini lori lilikuwa linanguruma, naye ana haraka. Jioni hiyo alivitilia vijidudu vyake penisilini, na kulipokucha vyote vilikuwa vimekufa. Akaandika daftarini, akapiga mstari chini yake.

Siku ya kumi na mbili sahani hazikuota kitu. Ya kumi na tatu, tupu. Wainaina akapanda lori hadi Kakuma, tayari kugomba.

Alimkuta Akeno, bintiye Nawoi, shingo wazi bila shanga, kama mfiwa wa Kiturkana.

"Ejok, daktari," akamsalimu. "Mama tulizika juzi. Ni ile kifua."

Akasema pole. Kisha, Mungu amsamehe, akauliza habari za sahani.

"Mimi nafunua vile mama alifundisha. Alfajiri, halafu nafunika. Kidole hapana."

"Basi umeacha nini?"

Akeno akainamisha kichwa.

"Kubariki tu. Mama alikuwa natemea hiyo damu mate kila asubuhi, ndio shule yako iende mzuri. Mimi bado mdogo, siwezi bariki mtu."