Tausi ni ya Nani

Mama Ngowi aliiweka chupa mezani, katikati ya ua uliojaa watu. Ilikuwa na lebo ya Tausi, bia aliyoipika Eliaichi katika ua huohuo. Temba, mpishi wa bia wa ng'ambo ya mto, naye aliiita yake Tausi, na juzi tu Eliaichi alikuwa ameapa mbele ya hakimu kwamba jina hilo ni lake peke yake.

"Mume wangu alikunywa nusu ya hii jana," alisema. "Tangu alfajiri haoni. Sema, Eliaichi, ni yako?"

Eliaichi aliichukua chupa. Akisema si yake, amempa Temba jina. Akisema ni yake, desturi inajulikana: pombe ikishukiwa, mwenye nayo huinywa kwanza mbele ya watu.

Aliigeuzageuza chupa akitafuta alama yoyote ya mkono wake, asiione. Lebo zao zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Na je, kama kweli ni yake?

"Ni yangu," alijikuta akisema.

Wakamjazia glasi mpaka povu likammwagikia vidoleni. Aliiinua hadi mdomoni.

Hapo watu wakapigana vikumbo kule nyuma. Temba akapenya, kofia kwapani, jasho likimchuruzika.

"Ngoja, dada," alisema, akaishika glasi. "Nipe mimi. Huenda Tausi hii ni yangu."

Eliaichi hakuiachia. Walisimama hivyo, wote wawili wameing'ang'ania glasi moja, na povu likizama taratibu kati ya vidole vyao.