Mtu wa Tano

Katibu alipomsogezea karatasi ya mahudhurio, Benedikta aliiona barua iliyokuwa chini yake. Ilikuwa barua ya ajira ya nafasi ileile ya maabara aliyotoka kusailiwa, imeshagongwa muhuri. Jina halikuwa lake. Tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Hii nini?" aliuliza.

Katibu huyo alikuwa rafiki yake tangu chuoni. Ndiye aliyempigia simu juzi aje Kibaha kutoka Mzenga, akamlaza kwake, na asubuhi hii akampigia pasi gauni, kola mara mbili.

"Nafasi ilishapata mtu," rafiki alisema kwa sauti ya chini. "Ila sharti wasailiwe watu watano, na walikuwepo wanne."

"Ulijua wakati unanipigia?"

"Nilijua. Saini tu, Bene. Ukileta maneno nitafukuzwa mimi."

Jana jioni wenzao wa chuo walikuja kumsalimia, wakala wali pamoja. Kabla ya kuagana walisimama wakashikana mikono kumwombea usaili, na aliyeongoza sala alikuwa huyuhuyu.

Hasira ilimpanda Benedikta. Aliibana kalamu aliyopewa ya kusainia mpaka ganda lake likapasuka, kipande kikamchoma kiganjani.

"Jana uliniombea," alisema. "Mbele ya watu, umefumba macho."

Rafiki aliinamisha kichwa. "Nina watoto, Bene."

Benedikta aliiacha karatasi ya mahudhurio pale mezani. Akaichukua ile barua, akaufungua mlango wa chumba cha usaili bila kubisha hodi.