Kioo cha Maombi

Siku hizi kila nyumba ya Wakristo ina kioo cha maombi mezani. Kioo husikiliza dunia nzima, na mahali kisiposikia mtu akimwomba Mungu, huandika jina la watu wa hapo. Kila Jumatatu asubuhi hutaja watu fulani ambao Injili haijawafikia, na wiki nzima hatunywi chai kabla ya kuwaombea.

Mwanzoni nilipiga magoti kweli. Niliwalilia wafugaji wa milima ya theluji, utadhani ni ndugu zangu wa tumbo moja. Kisha kazi zikanizidi, nikarekodi sala moja. Tangu hapo kioo huomba kwa sauti yangu, kikibadilisha jina tu, huku sisi tukimenya magimbi na kuitikia Amina.

"Mama Sekela, sala yako haina neno," mume wangu, Ambakisye, hunitania. "Haichoki wala haikohoi."

Jumatatu hii nilikuwa namimina chai kioo kilipoanza.

"Bwana," kilisema kwa sauti yangu, "uwakumbuke watu wa nyumba ya Ambakisye, pale Tukuyu, ambao bado hawajakujua. Uwalinde wamisionari walio njiani kuwaendea."

Niliweka birika mezani. Nilimtazama Ambakisye, kisha nikamtazama binti yetu, nikingoja mmoja wao ainue uso.

"Amina," waliitikia wote wawili, na Sekela akaniomba nimsogezee chumvi.