Mtaa wa Bibi

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani nilidhani panya.

Kumbe ni Mishi, binti yangu wa miaka minane. Alfajiri yote hii kafungua friji apate mwanga, anafuta kwa raba insha niliyomwandikia jana!

"Ya Rabi! Mtoto wewe!"

Mwalimu wao, mtu wa Ayalandi, aliwasomea historia ya kichochoro alikozaliwa: nyumba kumi na mbili, na nani kaishi wapi tangu enzi za babu zake. Akataka kila mtoto aandike ya mtaa wake. Mtaa wetu huu, ndani ya Rashidiya huku ugenini, hata jina hauna, una namba. Nikampigia mama yangu huko Tanga saa nzima, nikaandika ya kule: kisima, muuza kahawa, harusi zilizofunga njia.

"Basi la shule linakuja. Utampa mwalimu nini?"

"Lakini huo ni mtaa wa bibi, mama."

"Na huu una historia gani? Juzi tu palikuwa mchanga mtupu! Watu wanakuja, viza zikiisha, khalas, wanaondoka. Nani wa hapa?"

Akapuliza uchafu wa raba. Karatasi ilikuwa imetoboka katikati.

"Mimi nilizaliwa hapa."