Mtangazaji wa Jumamosi

Mjomba alibonyeza rimoti, televisheni ikanyamaza, ndipo sote tukakumbuka kwamba tulimzika Babu juzi.

Yalikuwa mazoea tu. Kila Jumamosi Babu aliamuru sauti izimwe, kisha akautangaza mpira mwenyewe, filimbi ya urefa ikining'inia shingoni. Mshambuliaji akikosa goli, alimshauri akatafute mke, atulie. Tulivunjika mbavu.

Sasa wachezaji walikimbia bila sauti. Wazee wenzake wanne, waliokuja kama kawaida yao, waliinamisha vichwa. Kitambaa cha kiti chake bado kilikuwa na alama ya kisogo.

"Nirudishe sauti?" Mjomba akauliza.

"Usithubutu," Bibi akasema, machozi yakimlengalenga. "Watangazaji wale hawajui mpira."

Mimi mbele ya wageni hata salamu hunikwama kooni.

"Mpira... mpira uko kwa nambari saba," nikasema.

Wazee wote wakageuka kunitazama.

"Hiyo ni sauti ya kumbembeleza mchumba," Bibi akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Paza, mke mwenzangu! Nambari saba anafanya nini?"